Pikipiki Iliyonyamaza

Watu walimwita Fundi Kimya, na usidhani ni kwa sababu alikuwa mchache wa maneno. Mtu huyu akianza kukueleza jinsi kabureta inavyochanganya hewa na mafuta, chai yako itapoa, utaaga, utafika mlangoni, na yeye bado hajaifikia plagi. Jina lilitokana na kazi ya mikono yake. Pikipiki kuukuu iliyoingia nyumbani kwake ikikohoa na kutikisa madirisha ilitoka ikinong'ona. Alichukia kelele kama wengine wanavyochukia mende. Nati iliyolegea ikilia chini ya kiti, aliisikia kutoka chumba cha pili, na chakula hakikushuka kooni mpaka ameikaza.

Asubuhi alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha uchapaji, akipaka mafuta mitambo ya kuchapia madaftari. Saa kumi alasiri alikuwa kwake, na kwake ndiko kulikokuwa na kazi anayoipenda. Sebule ilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kukaa. Makochi yalisukumwa kwenye ujia, yakabaki huko yakipokea nguo za kupiga pasi. Mahali pa makochi zilisimama pikipiki mbili au tatu zilizovuliwa matairi, zimepandishwa juu ya masanduku. Ukutani ilining'inia minyororo na vifuniko vya injini. Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na pembe moja tu chini ya dirisha, na hapo alisahihishia madaftari ya wanafunzi. Waligawana chumba kwa amani ya kushangaza: mume hasogezi grisi upande wa madaftari, mke hasogezi maswali upande wa grisi.

Fundi alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata mgeni akiwa amesimama mlangoni. Kila nati iliyofunguliwa iliingia kwenye kopo, na kila kopo lilibandikwa karatasi: tangi, gia, mguu wa kushoto, jina la mwenye mali. Aliwacheka mafundi wanaomwaga kila kitu kwenye beseni moja kisha wanashangaa kubakiwa na vyuma. Kwa hiyo yaliyompata na pikipiki ya baba mkwe wake yalimvuruga kuliko ambavyo yangemvuruga fundi wa beseni.

Baba mkwe huyo alikuwa bwana mifugo mstaafu. Miaka thelathini alizunguka mashamba ya watu akichanja ng'ombe, na pikipiki aliyozungukia ndiyo aliyoondoka nayo kazini. Sasa kila asubuhi aliipanda kwenda kwenye kishamba chake nje ya mji, akarudi adhuhuri na kifurushi cha mboga. Alikuwa mzee wa maneno mengi. Alipokaa na watu, yeye alisema na wengine waliitikia, na aliyejaribu kuingiza neno lake alipitiwa juu kama shimo dogo la barabarani. Pikipiki yake nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ilitetemeka mpaka taa ya mbele ikacheza kichwa, na ilipopita, vyombo kabatini viligongana.

Kaka wa mkewe Fundi, karani mwenye mdomo mpana kuliko ofisi yake, alikuwa ameanza kusema mzee amezeeka na mashine iuzwe. "Baba anaendesha kama barabara aliirithi," alisema. Mkewe Fundi hakutaka iuzwe, lakini naye alikuwa na mpaka wake. "Siku nikijua kwa hakika kuwa macho yake au masikio yake yamechoka," alisema mbele ya wote, "mimi mwenyewe nitachukua huo ufunguo, na akinuna anune."

Fundi aliyasikia hayo akaona amepata njia ya kumpendeza kila mtu. Ukiwa mkwe, unatafuta nafasi kama hiyo kwa tochi. Akamwambia mzee, uso kwa uso, "Baba, niachie wiki mbili tu. Nikikurudishia hutaitambua."

Maneno hayo yangekuja kumtokea puani, lakini siku ile yalipokelewa kwa kicheko.

Alifanya kazi yenyewe kwa moyo wote. Aliifungua injini, akabadilisha pistoni na ringi, akatia sahani mpya za klachi. Pale injini inaposhikana na fremu chuma kwa chuma, aliweka bushi za raba. Usukani nao aliupandisha juu ya raba, na vikanyagio akavivalisha raba. Ndani ya ekzosi alichomelea kichujio kipya cha sauti alichokikata mwenyewe. Alipomaliza, aliiwasha sebuleni, akaweka bilauri ya maji juu ya tangi. Maji hayakutikisika. Mkewe aliinua macho kutoka kwenye madaftari akauliza kama imezimika, na Fundi akaona hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Jumamosi mzee alikuja na mwanawe karani. Alizunguka pikipiki mara mbili, akaisifu rangi, akapanda, akapiga kiki. Iliwaka palepale. Mzee akapiga kiki tena, gia za kiki zikasaga meno, na Fundi akakunja uso. Mzee akapiga ya tatu.

"Imeshawaka, baba," alisema mkewe Fundi akicheka.

Mzee akawatazama mmoja mmoja, akaona wote wanacheka, naye akacheka. Kisha akatia gia, akaachia klachi ghafla, mashine ikaruka na kuzima. Aliwasha tena, ikazima tena. Mara ya tatu akaondoka, injini ikipiga mayowe katika gia ya kwanza mpaka akapotelea kwenye kona. Fundi akabaki mlangoni na kitambaa mkononi. Hakuelewa. Mtu aliyeendesha miaka thelathini alikuwa ameondoka kama aliyejifunza asubuhi ile.

Siku tatu baadaye mzee alirudi anaisukuma. Jasho lilikuwa limemlowesha shati, na karani alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni.

"Mwanangu," mzee alisema, "mimi nakuheshimu. Wewe ni mume wa binti yangu. Lakini hii si pikipiki yangu."

Fundi alicheka kidogo, akidhani ni utani. Mzee hakucheka.

"Baba, ni hiyo hiyo. Nimeisafisha tu."

"Yangu naijua. Nikikaa juu yake tunaelewana. Hii imekufa. Sijui ulichonipa, lakini yangu bado unayo."

Hapo karani alikuwa ameshainama kuchungulia chini ya meza. Akaiona injini ya pili, pacha wa ile, ambayo Fundi aliinunua zamani kwa ajili ya vipuri. "Na hii je, shemeji?" aliuliza kwa sauti ya upole, na upole wake ulikuwa na miiba.

"Hiyo ni ya vipuri. Iko hapo tangu mwaka juzi. Muulize dada yako."

Mkewe alitazama injini, akamtazama baba yake, kisha mumewe. "Mimi naona vyuma tu humu ndani," alisema. "Kipi kiliingia lini, siwezi kuapa."

Alisema kweli, na kweli hiyo ilimwuma Fundi. Alileta kadi ya pikipiki iwe shahidi. Namba ya fremu ilikubali. Namba ya injini kwenye kadi ilikuwa imelowa mvua ya miaka, na tarakimu ya mwisho ilikuwa tatu au nane, kila mtu alisoma yake. Injini ya fremu iliishia na tatu. Injini ya chini ya meza iliishia na nane. Karani alisoma nane. Fundi aliisogeza kadi dirishani, akaona tatu, akaitazama tena akaona nane.

Walipoondoka, alikaa juu ya sanduku akishika kichwa. Aliyapanga makopo yote sakafuni, akasoma karatasi zake moja moja. Lipo kopo lililoandikwa "injini, baba". Lipo lililoandikwa "injini, vipuri". Lakini je, ile siku alipohamisha meza ili afagie, makopo hayakuhama pamoja na injini? Alikumbuka kuwa hapana. Kisha akakumbuka kuwa huenda ndiyo. Kufikia jioni alikuwa hawezi hata kuapa kuwa pikipiki ilikuwa nyekundu. Jambo lililomtia wazimu ni kwamba hata kama angekosea, injini pacha ni pacha, mzee asingezimikiwa mara mbili kwa sababu hiyo. Kama amebadilisha, kwa nini haendesheki? Na kama hajabadilisha, kwa nini mzee amwonee?

"Niambie mimi tu," mkewe alimwambia wakati wa chakula. "Kama ulikosea, ulikosea. Baba si mtu wa kuzua."

"Na mimi je, ni mtu wa kuiba?"

Mkewe alianza kukusanya sahani.

Basi Fundi akaamua njia moja tu imebaki. Alasiri iliyofuata aliisukuma pikipiki mpaka kwa mzee, akamwomba, "Baba, nipakie nyuma. Tuende barabara unayopita kila siku. Unachokisikia wewe na mimi nikisikie."

Mzee alimkazia macho mdomoni, akafikiri kidogo, akakubali.

Walitoka mjini kwa gia ya pili, injini ikilia kama inachinjwa. Fundi alingoja gia ya tatu kama mtu anayengoja mwenzake amalize kupiga chafya, na gia ya tatu haikuja. Nyuma yao lori likapiga honi. Mzee akabaki katikati ya barabara. Lori likapiga tena, honi ndefu.

"Baba, kaa pembeni," Fundi alimwambia karibu na shingo.

Hakusogea. Lori likawapita kwa upana wa kiganja, upepo wake ukawayumbisha, na mzee ndipo akashtuka, akaitupa pikipiki kwenye majani ya kando. Akasimama. Fundi alishikwa na hasira. Aliona ni kiburi, kiburi kile kile cha kupita juu ya maneno ya watu.

Kisha akaona kitu. Mzee alikuwa amekaa kimya juu ya kiti, na mkono wake wa kushoto aliuweka juu ya tangi, kiganja kimelala. Akautoa, akauweka kwenye kifuniko cha injini. Akausogeza mpaka kwenye usukani, akaushika kwa vidole viwili. Alikuwa anatafuta kama mashine imewaka au imezima. Na mashine ilikuwa imewaka, inanguruma taratibu kati ya miguu yake.

Fundi alishuka, akasimama nyuma ya mzee. Akili yake ilikuwa imeshafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakutaka kufika. Akajaribu neno dogo kwanza. "Baba." Hakuna. Akasema kwa nguvu zaidi. Hakuna. Ili awe na hakika kabisa, ilimpasa aseme neno ambalo hakuna baba mkwe duniani angeliacha lipite. Mwili mzima ulimkataza, maana alilelewa.

"Wewe mzee ni mwongo," alisema mgongoni mwa baba mkwe wake, mchana kweupe.

Mgongo haukutikisika. Ndege wawili walikuwa wakigombana kwenye waya, na mzee hakuwasikia wao wala yeye. Fundi alihisi machozi na aibu vikija kwa pamoja, na hakujua ni kipi akitangulize.

"Nani mwongo?" mzee aliuliza, bila kugeuka.

Fundi nusura aanguke. Mzee alinyanyua kidole, akaonyesha kioo kidogo cha usukani. "Nimekuona mdomo humo. Midomo naisoma sasa ni mwaka wa sita. Mdomo wako mgumu, una masharubu mengi. Lakini hilo neno nimelipata."

"Nisamehe, baba."

"Njoo huku mbele nikuone ukiniomba radhi."

Fundi akaenda mbele. Walitazamana. Yule mzee, tangu ujana wake, hakuwahi kumsikiliza mtu, kwa hiyo siku alipoacha kusikia hakuna aliyeona tofauti. Aliendelea kusema, watu wakaendelea kuitikia. Barabarani alisikia kwa mikono na miguu. Mtetemeko ukipanda mpaka kwenye viwiko, alijua ni wakati wa gia ya tatu. Ukishuka kwenye nyayo, alijua injini inachoka. Fundi Kimya alikuwa amekuja na bushi zake za raba, akaziba masikio yaliyobaki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba usiiondoe ile kelele, ndiyo masikio yangu?" Mzee alitikisa kichwa. "Mimi mwenyewe sikujua umefanya nini. Nilipanda juu ya kitu kimya kama kaburi. Nikasema, hii si yangu. Bado naona si yangu."

"Ni yako, baba."

"Basi umeiua." Akasema polepole, "Umemsikia binti yangu alivyosema kuhusu ufunguo. Nilimsoma mdomo siku ile. Akijua, nitakuwa mzee wa kukaa kizingitini nikihesabu wapita njia. Sitaki kukuapisha. Wewe si mtoto. Lakini nakuomba."

Baba mkwe akikuomba, huwa hujaombwa, umefungwa kamba. Fundi akaitikia kwa kichwa. Alipokuwa anarudi nyumbani akisukuma pikipiki kwa miguu, alijiuliza ameitikia nini hasa. Kunyamaza? Kumpa kiziwi barabara? Lori lilikuwa limepita kwa upana wa kiganja, na yeye alikuwa amesema ndiyo.

Wiki nzima iliyofuata alifanya kazi ambayo hajawahi kuifanya: kuharibu kazi yake mwenyewe. Alizitoa bushi za raba moja moja, akarudisha chuma kwa chuma. Akavivua vikanyagio raba zake. Akakitoa kile kichujio cha ekzosi, na kilipotoka akakitupa mbali asikione. Kisha ukaidi wa fundi ukamshika, akaona haitoshi kuirudisha ilivyokuwa. Akatafuta ufito mwembamba wa chuma, akaufunga mwisho mmoja kwenye injini na mwingine kwenye shina la usukani, ili mtetemeko ufike kiganjani ukiwa mzima. Aliziba masikio yake kwa pamba, akafunga na kitambaa, akaendesha kwenye uwanja nyuma ya nyumba, akirudi na kurefusha ufito, akirudi na kuufupisha. Mwanzoni hakusikia chochote ila moyo wake. Siku ya tatu mikono ikaanza kumwambia: hii ya pili, hii inataka ya tatu, hii imekaribia kuzima. Mwishowe akafunga vioo viwili vipana kama sahani, kimoja kila upande.

Mkewe alisimama mlangoni akimtazama mumewe anazunguka uwanjani amefungwa kitambaa kichwani kama mgonjwa wa meno. "Unafanya nini?"

Alitoa pamba. "Naikumbuka ilivyokuwa."

"Kwa hiyo siyo ilivyokuwa," alisema mkewe, na akaingia ndani. Fundi alikaa juu ya kiti cha pikipiki, akilirudia jibu lake kichwani, akatambua kwa kuchelewa kuwa limesikika kama kukiri kosa.

Jumamosi wakakusanyika tena. Mzee alipanda, akapiga kiki moja tu. Sebule nzima ikaanza kucheza, makopo yakagongana ukutani, na uso wa mzee ukafunguka. Akatia gia ya kwanza, ya pili, akakata kona, ya tatu ikaingia pale pale inapostahili. Alikwenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akaegesha. Akaipapasa injini kwa mkono.

"Sasa hii ndiyo yangu," alisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa sauti zake zote zilikuwa kubwa. "Ameirudisha."

Karani akageuka. "Kwa hiyo ilikuwa imebadilishwa, shemeji?"

Mzee alikuwa ameinama akiukagua ule ufito wa chuma. Mdomo wa mwanawe hakuuona. Swali lile lilipita juu ya kichwa chake na kwenda kutua kwa Fundi. Mkewe alimtazama akingoja. Neno moja tu lingetosha: mzee hasikii. Neno hilo lilifika kwenye ulimi. Fundi akauona ufunguo wa pikipiki ukichomolewa, akaliona shamba linaota magugu, akamwona mzee kizingitini. Akaliona na lori. Hakujua ni lipi kati ya hayo ampe mzee wa watu.

"Nilichanganya injini," alisema. "Ni makosa yangu."

Mkewe aliteremsha macho. Karani alisema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna aliyemkanya.

Katika kazi ile, kuchanganya na kuiba ni ndugu wa tumbo moja. Lisemwalo lipo, na kama halipo, karani atalileta. Habari ilizunguka mtaa, ikafika kiwanda cha uchapaji, ikarudi imenenepa. Sasa ilikuwa injini tatu, na mwingine alisikia ni pikipiki nzima. Mtu mmoja tu hakuisikia habari hiyo, naye alipita kila asubuhi mbele ya nyumba, madirisha yakitetemeka, akinyanyua mkono kumsalimu mkwe wake kwa furaha. Fundi alinyanyua mkono naye. Alikuwa hajui amkasirikie au amwombee. Siku nyingine alifanya vyote viwili kabla pikipiki haijafika kwenye kona, kisha akasimama hapo hapo mpaka mlio upotee wote, akisikiliza kama hautakatika ghafla.

Wateja hawakumkimbia. Hilo nalo lilimchanganya. Waliendelea kuleta pikipiki zao, maana hakuna mwingine aliyeijua kazi. Ila sasa zilikuja na alama. Alipofungua kifuniko alikuta mkwaruzo wa msumari kwenye ukuta wa injini, herufi ndogo, nyota, msalaba. Mmoja alichora samaki. Watu walikuwa wakimkwaruzia vyuma kabla ya kumletea, ili siku ya kuchukua wahakikishe kilichoingia ndicho kilichotoka. Mwanzoni aliona haya. Kisha akazoea, au alijiambia amezoea. Alifanya kazi kando ya zile alama bila kuzigusa, na mwenye mali alipokuja aligeuza kichwa upande mwingine, ili mtu apate nafasi ya kuchungulia.

Jumamosi moja mkewe aliingia na baiskeli yake ya kwenda shule, akaiegemeza kwenye sanduku. "Cheni inaruka," alisema. "Na kanyagio la kulia linacheza. Ukipata nafasi."

"Nitaifanya leo."

"Asante, baba watoto."

Walikuwa wamerudi kuzungumza vizuri miezi hiyo. Alimpikia, alimwuliza habari za kazini, alicheka palipo pa kucheka. Fundi alianza kuamini kuwa jambo limezikwa. Aliipindua baiskeli, magurudumu juu, akapangusa matope kwenye ekseli ya kanyagio ili apate kupaka grisi. Chini kabisa ya fremu, mahali ambapo mpanda baiskeli haangalii maisha yake yote, palikuwa na mkwaruzo. Ulikuwa mpya, chuma chake kinameta. Haukuwa herufi wala nyota. Ilikuwa alama ya vema, mkia mfupi na mkono mrefu uliopinda kidogo mwishoni, kama zile elfu alizoziona kwenye madaftari pale dirishani.

Alikaa chini sakafuni. Alitaka kucheka. Baiskeli gani hiyo ambayo mume angeiiba nyumbani kwake, aipeleke wapi? Alitaka kumwita, amwambie yote, pale pale, lakini nje pikipiki ya mzee ikapita kutoka shambani ikitikisa makopo, akaufunga mdomo. Alikaza kanyagio. Akaipunguza cheni pingili moja, akaipaka mafuta. Alipangusa fremu nzima mpaka ikang'aa, na alipofika chini, alizungusha kitambaa pembeni ya ile alama asiifute.

Jioni mkewe alikuja kuichukua. Alilizungusha kanyagio kwa mkono, likazunguka bila sauti hata kidogo. Akatabasamu. Fundi akageuka kutafuta spana ambayo haikupotea, akaendelea kuitafuta kwa muda wa kutosha. Nyuma yake alisikia baiskeli ikiinuliwa kidogo, ikashushwa.

"Imekuwa nzuri," mkewe alisema.